Waliotuhesabu Bila Kuvuka

Sisi tunaokaa ng'ambo ya korongo tuna matope yetu wenyewe. Ni mekundu, yananata, yanashika kiatu mpaka mguu unatoka peke yake. Upande wa pili ndiko kuna barabara, zahanati, duka, kanisa na kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Upande wetu kuna migomba, kahawa, ng'ombe na wanawake. Katikati unapita mto, na juu ya mto yamelazwa magogo mawili yaliyoota ukungu wa kijani, yanateleza kama bamia. Hicho ndicho kivuko chetu. Kiangazi unavuka umebana pumzi. Masika mto unapanda juu ya magogo, na huvuki. Unaweza kuzunguka huko chini kwenye daraja la magari, lakini hiyo ni safari ya kutwa nzima, na uwe na miguu mizima.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza na kuona naona. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho hakijaisha. Watu wananiambia, bibi, yaache, yamepita. Yamepita wapi? Mto uko palepale.

Masika moja mwanamke jirani yangu alishikwa na uchungu, tukambeba mpaka ukingoni, tukakuta maji yamefunika magogo. Tulikaa chini ya mgomba kusubiri maji yapungue. Mtoto hakusubiri. Mama alipona, mtoto hakulia hata mara moja. Zahanati tulikuwa tunaiona, bati lake jekundu, mtu amesimama mlangoni anatutazama, hana la kufanya. Tangu siku hiyo mwanamke wa ng'ambo akishika mimba, sisi wengine tunahesabu kwanza kama itaangukia mvua.

Ya mkwe wangu iliangukia katikati ya masika.

Mkwe huyu ni mke wa kitinda mimba wangu. Kwetu kaka wakubwa wanakatiwa sehemu zao wanaondoka, wa mwisho anabaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, la baba yake, na mama anabaki naye. Mwanangu anabeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, kwa hiyo yuko juu kwenye baridi kuliko anavyokuwa nyumbani. Nyumba ni mimi na mkwe na mjukuu wangu mkubwa na ng'ombe.

Nilikuwa nataka jambo moja tu: mkwe ajifungulie zahanati, kisha arudi kwenye kitanda chake nimlee. Huku kwetu mzazi hashiki jembe, hashiki ndoo, hafui hata kitambaa, kwa miezi mitatu. Mama mkwe ndiye anapika mtori wa ndizi na nyama, anachemsha maji, anamkanda, anamwogesha mtoto. Mimi nilifanyiwa hivyo, nami nimewafanyia wake wa wanangu wote, na sijifichi kusema kwamba kazi hiyo naijua. Mzazi akitoka mikononi mwangu, kanisani watu wanageuka kumtazama. Mashavu yanang'aa, mtoto ana mapaja kama vitumbua.

Basi tuliposikia kuna mradi unakuja kujenga vivuko vya chuma kwenye makorongo ya huku milimani, nilipiga kigelegele nikiwa zizini. Mwenyekiti wa kijiji alisema kabla ya kujenga watakuja vijana kufanya utafiti, nyumba kwa nyumba, kuuliza watu shida ya kuvuka. "Msifiche," alisema. "Wakija waambieni ukweli." Nikamwambia mkwe, ukweli ninao wa kujaza debe.

Walikuja kiangazi, asubuhi, jua limeshapanda. Saa hizo mwanamke gani yuko nyumbani? Kiangazi majani ya ng'ombe huku juu yanakwisha. Wanawake wanashuka tambarare alfajiri kukata majani na kuokota mabua ya mahindi, wanarudi alasiri na mzigo kichwani. Ng'ombe wetu hatoki bandani, anakaa anasubiri kuletewa kama bwana harusi. Mtoto yeyote wa mlima huu anajua hivyo. Mliotutumia wageni, hamkuuliza hata mtoto?

Nilikuwepo mimi kwa ajili ya uzee, na mkwe kwa ajili ya tumbo. Tuliwaona wakishuka ukingo wa pili, kijana wa kiume na binti, wamevaa fulana zinazofanana, mikononi wana simu pana kama sahani. Kijana alikuwa na raba nyeupe pee.

"Shikamoo bibi!" binti akapaza sauti. Mto ulikuwa unakula nusu ya maneno.

"Marahaba! Vukeni!"

"Hapatelezi?"

"Panateleza! Ndiyo maana tunawasubiri!"

Kijana akaweka mguu mmoja kwenye gogo, akaurudisha haraka kama ameuchovya kwenye uji wa moto. Wakanong'onezana. Mkwe wangu akaona aibu kwa niaba yao. Akakunja kitenge, akashuka ukingoni na tumbo lake, akanyoosha mkono.

"Njooni niwashike!" akaita. "Nakuja hapo katikati niwapokee!"

"Hapana, dada!" binti akapiga kelele, mikono yote juu. "Usivuke! Ni hatari kwa hali yako!"

"Mbona navuka kila siku?"

"Ni hatari, dada! Rudi! Tutakuja siku nyingine!"

Kijana akatupiga picha. Sisi tukapunga mikono, wajinga wawili. Kisha wakapanda ukingo wakaenda zao, na nikaona binti akijifuta viganja kwenye suruali, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Mama, watarudi kweli?" mkwe akaniuliza.

"Wamesema ni hatari kwa midomo yao," nikamjibu. "Wanataka ushahidi gani tena? Hata wasiporudi, wameshaona."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani mtu akiona, ameona.

Mkutano wa matokeo ulifanyika ofisi ya kijiji. Ng'ambo yote tulivuka, hata vikongwe wenzangu, kwa sababu bado ilikuwa kiangazi. Wametundika shuka jeupe ukutani, na juu ya shuka mwanga umechora duara lililokatwa vipande kama chapati. Kipande kimoja kilikuwa kinene, karibu chapati nzima. Mtaalamu wao, mtu mzima mwenye kucha safi na sauti ya taratibu, akasema hicho kinene ni wakazi waliosema kuvuka korongo si tatizo kwao.

Watu wa upande wa barabara wakatikisa vichwa kukubali. Na kweli, walisema hivyo. Nikaanza kuwaangalia mmoja mmoja.

Wapo wanaokaa barabarani, ambao tangu wameoa hawajavuka mto huo; wanavuka kwenda wapi? Yapo yale majumba yenye mageti ya chuma, wenyewe wako Dar, wanakuja Krismasi kuchoma nyama na kuondoka. Hapo alijibu mlinzi, kupitia tundu la geti, mtu wa kutoka mbali ambaye hata mto hajui uko wapi. Halafu wapo wale walionitia uchungu zaidi, wenye dada zao na shangazi zao huku ng'ambo, wanaojua kila kitu. Hao walisema hakuna shida kwa sababu ya kiburi chetu sisi watu wa huku. Mgeni ameingia uani kwako, amevaa vizuri, utamwonyeshaje tundu la paa? Unasema hapa ni salama tu, hatuna shida, karibu ndizi. Unamwonea haya mgeni, na dada yako anazama.

Nikasimama. Yule mtaalamu, nampa haki yake, aliniamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sisi wa ng'ambo ni kipande gani cha hiyo chapati?"

Watu wakacheka. Akatabasamu naye.

"Bibi, kwa upande wa ng'ambo, kaya nyingi hazikupatikana."

"Hazikupatikana? Zimehama?"

"Hapana, bibi. Wengine hawakuwa nyumbani. Na palikuwa na changamoto ya kufika."

"Changamoto gani?"

Akamtazama binti. Binti akatazama sakafu.

"Sema, mwanangu," nikamwambia binti, "mimi na wewe tunajuana. Changamoto gani?"

"Ya kuvuka, bibi," akasema kwa sauti ndogo.

Ofisi nzima ililipuka. Kuna mzee alicheka mpaka akashuka kwenye benchi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama mtaalamu, na yeye hakuona haya. Alisubiri kelele zishuke, akasema kwa sauti ileile ya taratibu:

"Hilo tulilitambua, bibi. Tumeliandika kwenye ripoti, kule mwishoni, kama upungufu wa utafiti."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua."

"Na chapati mkaipika hivyohivyo?"

"Kitaalamu, bibi, pale ambapo hatukuwapata watu, tumechukulia kwamba wanafanana na wale waliopatikana."

Kama wangekuwa hawajui, ningewasamehe. Mtu mjinga unamfundisha. Lakini walijua! Walijua kwamba waliokosekana hawakukosekana kwa bahati mbaya. Walikosekana kwa sababu ya kitu kilekile kilichokuwa kinaulizwa. Ni sawa na daktari aingie wodini aseme, asiyeweza kuongea aniambie. Wodi ikinyamaza aandike wote wanaongea, kisha nyuma ya karatasi, kwa herufi za sisimizi, aandike kwamba bubu hakujibu. Sisi tumekuwa sawa na mlinzi wa geti. Yule jirani yangu na mtoto wake asiyelia wamekuwa sawa na mlinzi wa geti.

"Hata hivyo," mtaalamu akaongeza, kama anayenipa pipi, "mkazi mmoja wa ng'ambo tulimpata na tulimhoji kikamilifu."

"Nani?"

Benchi la nyuma likakwaruza. Nikageuka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa anatafuta mlango.

"Kaa chini, shemeji!" nikamwita. "Walikupata wapi?"

"Kilabuni!" wanawake wakajibu kabla yake.

"Ulisema nini?"

"Shemeji, nilijibu nilichoulizwa," akasema, kofia mkononi. "Wameniuliza, wewe unavuka bila shida? Nikasema mimi navuka hata nikiwa nimelewa."

"Na ulikuwa umelewa!"

"Sasa si ndiyo ushahidi wenyewe?"

"Na mke wako anavukaje na mzigo wa majani?"

"Hawakuniuliza mke wangu, shemeji. Wangeniuliza ningesema."

Watu walicheka tena, na kusema kweli yeye hakudanganya. Anavuka. Mlevi analegea mwili, hata akianguka haumii. Ila ng'ambo nzima, mtu mmoja aliyetusemea wote ni yule mmoja ambaye magogo hayamtishi, na walimpata kwa sababu hayamtishi, kila siku yuko upande wao. Wenye shida tulikuwa upande wetu, na shida yetu.

Mwenyekiti, ambaye naye alishaona aibu, akamwomba mtaalamu aturudie. Mtaalamu akasema muda wa kurudi hakuna, lakini ambao hawakupatikana watapigiwa simu. Tukatoa namba.

Ng'ambo simu inashika sehemu moja tu, juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, kwenye parachichi la jirani. Wanawake wakaenda tambarare kama kawaida na simu zao wakaziacha nyumbani, maana simu ikidondoka kwenye majani huioni tena. Mkwe wangu ndiye alijitoa. Kila asubuhi alipanda mpaka kwenye parachichi na tumbo lake, akaketi kwenye jiwe, simu mapajani. Nilikuwa nampelekea uji hukohuko. Siku moja nimefika tu, simu ikaita. Nikamnyang'anya kikombe aongee vizuri. Aliweka sauti kubwa nisikie.

"Habari za asubuhi, dada. Tunafanya utafiti kuhusu miundombinu ya kuvuka. Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mume wangu."

"Tunaomba kuongea naye."

"Yuko mlimani, na wageni. Lakini mimi nipo. Mimi ndiye navuka."

"Sawa, dada. Utaratibu tunatakiwa kuanza na mkuu wa kaya. Tutapiga akirudi."

"Nina mimba!" mkwe akasema. "Mvua ikianza sitaweza kufika zahanati. Andika hilo tu."

"Nimekuelewa, dada. Tutapiga akirudi. Asante kwa muda wako."

Ikakatika. Mkwe akabaki ameshika simu kama kitu kilichokufa mkononi. Nilikuwa na maneno mengi ya matusi, ya Kiswahili na ya Kichagga, na sikuyabakiza. Ndege waliokuwa kwenye parachichi waliondoka.

Mwanangu aliporudi alipanda kwenye jiwe hilohilo, akakaa siku zake zote za mapumziko. Hawakupiga. Baadaye mwenyekiti alitangaza kanisani baada ya ibada kwamba kivuko chetu kimepelekwa kijiji kingine chenye uhitaji mkubwa zaidi. Siwaonei wivu wa kijiji hicho. Labda na wao mto umewalia watu. Ninachotaka kujua ni nani aliyeweka uhitaji wao na wetu kwenye mizani, na wetu aliupima kwa midomo ya nani.

Jioni hiyo shemeji yangu alikuja uani. Alikuwa mkavu, hajanywa, na mkononi ameshika jani la sale, lile jani refu la kijani tunalopandia mipaka. Kwetu mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na ukiletewa huwezi kukataa, hata kama umekusudia kumchukia mpaka kaburini. Alisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shemeji, nimekosa."

"Umekosa nini? Ulisema kweli."

"Nilisema kweli yangu tu."

Nikalipokea. Ningefanya nini? Nikampa na kahawa. Lakini yule mwenye kucha safi hajaleta jani. Hata lile la mgomba bovu hajaleta.

Mawingu yalianza kukaa mlimani mapema. Mwanangu akasema hawezi kungoja. Mpagazi mwenzake ana chumba Majengo, huko mjini, akaongea na mwenye nyumba, wakapata chumba cha pembeni. Hospitali iko karibu, hakuna mto. Maneno yenye akili, sikuwa na la kupinga. Nilitangulia mimi kwenye magogo, nikivuka kinyumenyume huku nimemshika mkwe mikono yote miwili, na mwanangu nyuma yake ameshika kiuno. Tulipofika upande wa pili mkwe akalia. Akasema, "Mama, nani atanipikia mtori?" Nikamwambia nitakuja. Nikarudi ng'ambo, kwa mjukuu na ng'ombe.

Mvua ilipiga. Mto ukachukua gogo moja, ukaenda nalo kama njiti ya kiberiti. Habari kwamba amejifungua salama zilinifikia nikiwa nimefungiwa na maji. Msichana. Nilifurahi na nilikasirika kwa pumzi moja. Mjukuu wangu amezaliwa, na bibi yake yuko bandani anamenyea ng'ombe mgomba, maana nani atatoka kukata majani kwenye mvua hiyo? Mvua ilipopumua kidogo, nilimwachia mke wa shemeji mjukuu na ng'ombe, nikajitwika mkungu wa ndizi, nikabeba na maziwa, nikazunguka kwa daraja la magari. Niliondoka alfajiri. Nilifika Majengo jua linazama, magoti yanapiga kelele kuliko muadhini.

Chumba ni kidogo, mlango unafungukia ukumbini kwenye wapangaji wengine. Na nani nilimkuta ukumbini, ameinama kwenye beseni, anafua nepi? Mkwe wangu. Mzazi mbichi! Anakamua nguo kwa mikono ambayo hata kijiko haikutakiwa kushika. Mashavu yameingia ndani. Mume wake kazi imemwita mlimani, na majirani ni watu wema, wanamwamkia wanapita.

"Mama, usinigombeze," akasema kabla sijafungua mdomo.

Sikumgombeza. Nilimwondolea beseni, nikamwingiza kitandani, nikapika mtori kwenye jiko la mkaa pale ukumbini. Mpangaji mmoja akalalamika moshi. Nikamwambia, "Kohoa, hapa panapikwa chakula cha mzazi." Nilimkanda mgongo, nilimwogesha mtoto, nikamkuta ana mapaja membamba kama vidole vyangu. Mkwe alikula bakuli, akaomba lingine, akalala huku kijiko kiko mkononi.

Miezi mitatu ndiyo haki yake. Mimi nilikuwa na siku chache tu, kwa sababu mke wa shemeji ana ng'ombe wake mwenyewe, na mvua nyingine ikianza ile njia ya kuzunguka isingepitika. Asubuhi ya kuondoka nilijaza ndoo zote za chumba maji, nikapika mtori wa kutwa, nikamfunga mkwe kanga tumboni kwa nguvu. Akanisindikiza mpaka mlangoni, mtoto kifuani.

"Usitoke hapo kitandani," nikamwambia.

"Sitoki, mama."

Sikufika hata kona. Nilisikia beseni likigonga bomba la uani, na sauti yake akimwomba mtu amsogezee sabuni. Nilisimama kidogo njiani, nimewapa mgongo. Sikugeuka. Ningegeuka ningebaki, na ng'ombe angekufa. Nikakaza kitenge, nikaanza kupanda.